Betri ya Ndoo ya Mchanga

Mji mzima ulijua saa ambayo Koki anamsalimia mkewe. Saa moja na nusu asubuhi, kabla maji hayajatoka, kila bomba lilikohoa mara tatu: kho, kho, kho. Waliokuwa na sabuni machoni walitukana kidogo, kisha wakacheka. Watoto wa mtaa wa chini hawakuhitaji saa ya ukutani. Bomba likikohoa, viatu mguuni, mbio shule.

Koki mwenyewe alikuwa juu mlimani kwenye tangi, ameshika gurudumu la valvu kwa mikono miwili. Analizungusha kidogo, analirudisha. Mara tatu. Halafu ndipo anaufungulia mji maji yake. Hiyo ilikuwa barua yake ya kila siku, na ilikuwa na maneno mawili tu: nimefika salama. Kule chini mkewe, mshonaji, aliinua mguu kwenye pedeli ya cherehani, akaligusa bomba la jikoni kwa ncha ya kidole, akaendelea kushona. Miaka ishirini na mbili hivyo. Wanaume wa mji ule walikuwa na mapenzi yao, sikatai, lakini hakuna mwingine aliyemwandikia mkewe barua ikasomwa na kaya elfu nne.

Jina alilopewa na mama yake lilikuwepo, lakini lilikaa bila kazi mpaka likapata kutu. Koki ndilo jina.

Mlima ule una kona kumi na moja. Zamani aliupanda kwa miguu, magoti yakaanza kulia kama mlango wa stoo. Ndipo ofisi ya maji ikampa baiskeli ya umeme ya milimani, yenye tairi nene za meno, mota kwenye mikanyagio, na betri ndefu iliyolala kwenye bomba la fremu kama mtoto mgongoni. Ilikuwa nzito kiasi kwamba siku ilipoanguka uani, jirani wa ukuta wa pili alitoka akauliza nani kahamia. Ofisi ilitoa baiskeli, vipuri ukajitegemee. Ni kama mtu akupe ng'ombe halafu akunyime kamba.

Miaka minne ilikwenda vizuri. Wa tano, betri ikazeeka. Ikawa inampandisha hadi kona ya nane, inavuta pumzi mbili, inazima. Kutoka hapo Koki aliisukuma mwenyewe, yeye na ule mzigo wa chuma, jasho mpaka kwenye soksi. Maji yakachelewa mara ya kwanza. Yakachelewa mara ya pili. Ofisi ikaandika karatasi: likitokea la tatu, mlima atapewa Presha.

Presha alikuwa mtu wa nyumba ya pampu kule bondeni, kazi yake kusoma geji. Mwembamba, ana masharubu yaliyokatwa kwa rula, na cheko la mtu aliyeona suruali yako imechanika nyuma lakini hakwambii.

"Kaka Koki," alisema asubuhi moja, ameegemea lango, "hiyo baiskeli unaiendesha au mnasindikizana?"

"Cheka tu. Mlima hauna masharubu, haukujui."

"Utanijua. Mimi nikipewa ule mlima, saa moja kamili maji yametoka. Na hayo makohozi yenu ya mahaba yatakoma, watu wanywe maji ya kimya."

Koki akapanda baiskeli yake akaondoka. Lakini neno lile lilimwingia kama mchanga kwenye cheni, na kila alipokanyaga lilisaga.

Basi Jumamosi alasiri akaenda kwa Mama Misumari.

Duka la Mama Misumari lilikuwa chumba kimoja kirefu, na kuta zake zote zilikuwa misumari. Kwenye kila msumari kitu kimetundikwa: cheni, gia, sahani za breki, pedi zake, shokapu za mbele, viti, taa, helmeti, glavu, kinga za magoti zilizoning'inia mbilimbili kama vichwa vya mbuzi. Vingi vilikuwa vimetumika. Na Mama Misumari alikuwa na sharti lake moja, alilorithi kwa mama yake aliyeuza vitanda vya mitumba: kitu kilichotumika hakitoki dukani mpaka mnunuzi asikilize wasifu wake. Kilikuwa cha nani, kilifanya kazi gani, na kilimwachaje mwenyewe. "Mtu akifa tunamsomea wasifu," alisema, "na yeye haendi kufanya kazi tena. Sembuse breki, ambayo kesho inakwenda kukushikia roho?"

Lilikuwa sharti zuri. Tabu ni kwamba Mama Misumari hakujua kufupisha. Ukienda kununua spoki moja utatoka saa ya magharibi, una spoki yako na unajua ndoa ya mtu ilivyovunjika. Kiti cha baiskeli alichokalia Koki kilikuwa cha mpimaji ardhi mmoja mnene aliyemkimbia mdai wake akasahau kuvaa suruali. Koki alilijua hilo kwa urefu na mapana, na alikuwa halihitaji.

Siku ile hasa hakulihitaji, maana ilikuwa siku ya fainali. Alikuwa ametia vispika vidogo masikioni, waya umepita ndani ya shati, simu mfukoni inatangaza mechi.

"Karibu, mdogo wangu," alisema Mama Misumari. "Umekodoa macho. Unatafuta nini?"

"Betri, Mama. Na helmeti. Mke wangu ameapa sitoki tena bila helmeti ya kufunika uso mzima."

"Mkeo ana akili. Na glavu?"

"Glavu za nini? Mikono hii imeshika chuma cha valvu miaka ishirini na mbili. Glavu ndizo zitachubuka."

Mama Misumari alimcheka, akamtungulia helmeti mpya kabisa, nyeusi, yenye kidevu cha mbele na sponji nene pande zote. Koki akaivaa. Ikamkaa vizuri. Ikayafunika masikio, vispika na vyote, sauti ya mtangazaji ikajaa kichwa kizima kama maji kwenye mtungi. Ndipo macho yake yakaangukia kwenye ndoo.

Ilikuwa nje ya mlango wa nyuma, mbali na ukuta, imejaa mchanga. Ndani ya mchanga imesimama betri, imezikwa hadi kiunoni. Aina ileile ya kwake. Ganda linang'aa, haina hata mkwaruzo.

"Na ile?" akauliza.

Uso wa Mama Misumari ukabadilika. "Ile siuzi hivihivi. Ile mpaka ukae."

Akaketi yeye kwanza, akaweka mikono magotini, akaanza. Na kwa kuwa Koki hakusikia, ni haki msomaji asikie badala yake.

Alisema hivi. Betri ile ilikuwa ya mpiga picha mmoja aliyekuwa akivuka mto kwa baiskeli, maji yakaja ghafla kutoka juu, mtu akaokolewa kwa kushika mti, baiskeli ikaenda. Siku tatu ilikaa chini ya maji. Walipoitoa, betri ikafutwa, ikaanikwa, ikawashwa, ikawaka. Kila mtu akashangilia. "Na hapo ndipo penye ubaya, mdogo wangu," alisema Mama Misumari. "Betri iliyokunywa maji ikafa, hiyo imekufa. Betri iliyokunywa maji ikaamka, hiyo inakudanganya. Ndani kutu inatembea polepole kama mchwa. Huoni, husikii. Kwanza itanukia vizuri, harufu tamu kama rangi ya kucha. Pili itavimba. Tatu haisemi tena, inafanya. Nimeinunua nikaivunje, vidude vilivyo vizima humo ndani nitengenezee taa. Hata kuivunja naogopa, ndiyo maana imelala mchangani. Mwenye kuitaka aichukue kwa kuvunjia tu, nje, mbali na watu. Asiichaji. Asilale nayo nyumba moja."

Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Koki, ndani ya helmeti, alikuwa anatikisa kichwa. Timu yake ilikuwa imepata kona. Akatikisa zaidi. Ikapigwa, ikatoka nje. Akafumba macho kwa uchungu. Mama Misumari alipoyaona yale macho yamefumbwa alimshika mkono. Haijawahi kutokea mteja kusikiliza wasifu kwa moyo namna ile.

"Umenisikia, mdogo wangu?"

Midomo yake aliiona. "Nimesikia, Mama."

"Na bado unaitaka?"

"Naitaka."

"Ya kuvunja?"

"Ndiyo, Mama. Ndiyo."

Akamtajia bei, akaionyesha kwa vidole ili asikosee. Ilikuwa bei ya chakavu. Koki alidhani mama wa watu amezeeka hesabu, akalipa haraka kabla hajazinduka. Naye Mama Misumari, kwa kuwa mtu wa sharti ni mtu wa sharti, akachukua kikaratasi kigumu, akaandika kwa kalamu nzito maneno machache ya ule wasifu, akakifunga kwa waya kwenye mpini wa betri.

Nyumbani Koki alikikata kile kikaratasi bila kukitazama. Dukani kule kila kitu kilikuwa na kikaratasi. Ukikisoma ni saa nzima nyingine. Akakitupia ndani ya kopo la pini la mkewe, maana mkewe hakutupa karatasi ngumu. Nyuma ya kila kipande mkewe huandika jina la mteja na vipimo, akakibana kwenye nguo kwa pini.

Halafu akaichomeka betri kwenye chaja. Chini ya meza ya kukatia vitambaa, palipokuwa na soketi. Kuzunguka pale kulikuwa na mabaki ya pamba, hariri za watu, mito iliyojaa sponji, na magauni matano ya sherehe yametundikwa juu. Hatua nne kutoka hapo ndipo kilipokuwa kitanda chao.

Jumatatu alipanda mlima kama aliyesukumwa na shetani mwenye haraka. Kona ya nane ilipita hakuiona. Saa moja na robo alikuwa juu, akasubiri robo saa nzima ili asimshtue mkewe kwa kumkoholea mapema. Alipopita nyumba ya pampu akirudi alipiga kengele mara saba. Presha alitazama ile betri, masharubu yakamcheza, hakucheka.

Siku ya tano mkewe alisema, "Baba, hivi humu ndani kuna mtu kapaka rangi ya kucha?"

"Wateja wako hao. Wanakuja kupimwa gauni wamejipaka mpaka visigino."

"Leo hajaja mteja."

"Basi ni wa jana."

Mkewe alifungua dirisha. Harufu haikutoka. Ilikuwa tamu, nyepesi, ya kupendeza, na ilimfanya aumwe kichwa upande mmoja. Alinusa magauni moja moja. Alinusa kopo la mafuta ya cherehani. Hakuinama chini ya meza, maana mtu hanusi betri.

Siku ya kumi betri ilikataa kuingia kwenye fremu. Ilikuwa ikiingia kwa mlio mmoja mzuri, tak. Sasa inakwama nusu. Koki aliipima kwa futi ya mkewe, akapima na pale inapokaa, akakuna kichwa.

"Imenenepa," alisema.

"Kitu gani?"

"Betri. Umeme wa nyumba hii mtamu."

Mkewe hakucheka. "Irudishe, baba. Mimi chuma kinachonenepa sikijui."

"Nikairudishe nikakae tena kwenye kile kiti nisimuliwe mpimaji ardhi na suruali yake? Mara mbili nimeshachelewa, mke wangu. Nikichelewa tena, Presha huyo."

Akachukua tupa, akakaa uani, akakwangua kingo za fremu kidogo kidogo mpaka chuma kikang'aa. Kwa akili yake mwenyewe na kwa mikono yake mwenyewe, alasiri nzima, akaipanulia nafasi. Alipomaliza aliisukuma kwa goti, ikaingia. Haikulia tak. Ililia kama mtu anayemeza kitu kigumu.

Usiku mkewe alihamisha kitanda, akakisogeza hadi ukuta wa pili. Koki alimuuliza kwa nini. Alisema hajui, upepo tu.

Siku ya kumi na nne Koki aliondoka saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Helmeti kichwani, koti zito ambalo mkewe alilishonea kitambaa mara mbili kifuani, kinga za magoti. Mikono mitupu.

Saa moja na dakika kumi mlango uligongwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya jirani, mteja aliyechukua gauni lake jioni iliyotangulia. Amelishika gauni kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

"Dada, mshono wako sina neno nao," alisema. "Limenikaa kama nilizaliwa nalo. Ila nataka kuuliza kitu, na usinifiche. Hiki kitambaa ulikitoa wapi?"

"Si ulileta mwenyewe, mwalimu?"

"Nilileta mimi, ndiyo. Sasa mbona kimeandikwa hivi?"

Akageuza kile kikaratasi kilichobanwa na pini kwenye ukosi. Upande mmoja ulikuwa mwandiko wa mshonaji: mwalimu, kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na mbili. Upande wa pili mwandiko mzito, wa herufi kubwa. Mwalimu akausoma kwa sauti ya darasani:

"Ilizama siku tatu. Isichajiwe. Isilale nyumba moja na mtu."

Akaendelea, "Mimi nimelala nalo jana limetundikwa kabatini. Sijafumba jicho. Aliyezama ni nani? Na hii kuchajiwa ndiyo nini, siku hizi magauni yanachajiwa?"

Mshonaji alikuwa ameshaacha kusikiliza. Aliinama chini ya meza. Waya wa chaja ulikuwa umelala sakafuni peke yake, kijitaa chake kijani. Pembeni ya soketi vitambaa vilikuwa vimegeuka rangi ya chai. Na pale chini, karibu na sakafu, ile harufu tamu ilikuwa nzito kama asali.

"Ni saa ngapi?" aliuliza.

"Saa moja na dakika kumi na nane. Dada, umekuwa mweupe."

Kule mlimani simu haishiki. Anayetaka kuongea na aliye kwenye tangi aende. Mshonaji aliingia jikoni, akaweka mkono wake wote juu ya bomba. Mwalimu alimfuata na gauni lake, hajui kitu.

Saa moja na nusu ilifika. Bomba lilikuwa baridi.

Saa moja na dakika arobaini. Mtaani milango ilianza kufunguka. Mtu mmoja alipiga kelele: "Koki! Mahaba ya leo vipi?" Watu wakacheka. Mtoto mmoja wa shule alisimama mlangoni na kiatu kimoja, anasubiri kukoholewa.

Saa mbili kasoro kumi hakuna aliyecheka.

Saa mbili na robo bomba lilivuta hewa. Mshonaji alikaza vidole. Akasikia maji yanakuja kwa mbali ndani ya ukuta, yanakuja, yanakuja, na yakatoka. Yakatoka moja kwa moja. Laini, bila kukohoa hata mara moja, yakajaa kwenye sinki na kupita kati ya vidole vyake.

"Afadhali," alisema mwalimu. "Amefika."

"Hajafika," alisema mshonaji. "Huyo aliyefungua si yeye." Na akakaa chini palepale, mguu mmoja umejikunja, maji yanamwagika juu yake, hakuna aliyefunga.

Alipoinuka alikimbia. Cherehani wazi, mlango wazi, kanga imefungwa vibaya. Mwalimu nyuma yake ameacha viatu. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye kona ya nne walimwona.

Alikuwa anashuka kwa miguu katikati ya njia, polepole, helmeti bado kichwani, kidevu cha hiyo helmeti kimeyeyuka na kuinama kama mshumaa. Koti limeungua kifuani hadi tabaka la pili. Mikono ameinyoosha mbele, viganja juu, kama mtu aliyebeba beseni lililojaa pomoni anaogopa lisimwagike. Mshonaji alivitazama vile viganja mara moja tu, akatazama pembeni.

"Mke wangu," alisema Koki ndani ya helmeti, "nisamehe. Nilishindwa kukohoa."

Ilikuwa hivi. Kwenye kona ya nane betri ilinukia, halafu ikapiga mluzi mwembamba kama birika. Moshi mweupe ukapita kati ya miguu yake. Angeruka akaiacha, angekuwa mzima. Lakini baiskeli ilikuwa ya ofisi, na saa zilikuwa zinakwenda, na alichokiona kichwani ni masharubu ya Presha. Akaishika betri kwa mikono miwili aichomoe. Ikakataa kutoka. Ilikuwa imekazwa na ile nafasi aliyoichonga mwenyewe kwa tupa. Akavuta, akavuta, na alikuwa bado anavuta ilipopasuka.

Helmeti iliokoa macho. Koti liliokoa moyo. Kona tatu zilizobaki alizipanda kwa miguu, na lile gurudumu la valvu alilizungusha kwa viwiko, akiegemeza kifua. Kwa viwiko unaweza kulifungua. Kulirudisha huwezi.

Wiki ya tatu Mama Misumari alikuja kumwona. Alikaa kando ya kitanda, akatazama bendeji, akatazama sakafu.

"Nilikwambia, mdogo wangu. Nilikwambia mpaka nikalia. Na wewe ukafumba macho."

"Nilikuwa nasikiliza mechi, Mama. Ndani ya helmeti."

Mama Misumari alikaa kimya kwa muda ambao haukuwahi kutokea maishani mwake.

"Mlishinda?" aliuliza mwishowe.

"Tulifungwa."

"Basi nyamaza nikuanzie upya." Akamsimulia yote, tangu mpiga picha alivyozaliwa. Koki alisikiliza hadi mwisho, hata yale yasiyohusu, na alipomaliza akamwomba arudie pale penye harufu.

Vidole vilipona baadhi. Valvu haishikwi na vidole baadhi. Mlima akapewa Presha, pamoja na baiskeli mpya, na Presha hakuchelewa hata siku moja. Saa moja kamili maji yanatoka, ya kimya, kama alivyoahidi. Watoto wa mtaa wa chini walichelewa shule mwezi mzima mpaka wazazi wakanunua saa.

Jioni moja Koki alimsubiri kwenye lango la nyumba ya pampu. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, na kwenye fremu palikuwa na betri ya pili imefungwa kwa mpira, ya akiba.

"Hiyo ya pili umeitoa wapi?" aliuliza Koki.

"Kwa jamaa mmoja barabarani. Bei ya kutupa. Hana maneno mengi kama yule bibi yako."

"Ilikuwa ya nani kabla?"

"Kaka, nani ana muda wa kumuuliza betri babu yake?"

Koki alisogea karibu. Akainama. Akaweka pua kwenye ganda, akavuta pumzi, akabaki ameinama hivyo muda mrefu kidogo. Mikono yake ilikuwa ndani ya glavu laini za pamba alizoshonewa na mkewe.

"Presha, itoe hiyo. Nakuomba."

"Wivu huo."

"Basi nifanyie moja. Ukifika juu, kohoa. Hata mara moja tu. Nijue umefika."

Presha alilitoa lile cheko lake lote. "Mimi si mumeo, kaka. Nenda nyumbani."

Alikwenda nyumbani. Tangu siku hiyo, kila asubuhi wao wawili huketi jikoni mbele ya bomba kabla ya saa moja, mke amelishika, mume ametegea sikio, maana viganja vyake havisikii tena baridi wala moto. Maji yanakuja kimya, nao hawajui kama ni salama au ni maji tu. Wanakunywa chai.

Jumatano hii saa moja ilifika, ikapita bila maji. Mshonaji aliweka mkasi chini.

"Labda amelala," alisema.

Koki alikwisha simama, anavaa kinga za magoti kwa meno.